Maji Yanayowaka

...na wingu lenyewe si kubwa, limekaa tu juu ya paneli yangu ya jua, utadhani anga lote la Lubondja halina pahali pengine, mapovu yamepungua lakini bado yanapanda, kutoka kwenye vijiti vya kaboni nilivyotoa ndani ya mawe ya redio, betri zilizokufa, maji ya majivu yamo ndani ya beseni la Pulchérie, mke wangu, aliyeniambia usiende kwa wale watu, na chupa imesimama kichwa chini ikikusanya haidrojeni, imefika nusu, toka basi, jua, usiniaibishe, leo wanaonitazama wana bunduki, komanda wao anasema kitu, "...batoto yangu ba vita baliogeshwa maji ya dawa, masasi ya adui ilipashwa kugeuka maji, bamekufa...", na mimi nawaza waya, pengine umelegea, kule Baraka haukulegea, kabla ya vita, shule ikiwa bado na mabati, niliwasha kiberiti, gesi ikalia mlio wa paa, Roger akaruka kutoka benchi la mbele, darasa zima likacheka, nikawaambia siku moja mitumbwi ya mota itakwenda Kazimia kwa hii, maji ya ziwa na jua tu, bila petroli, bila moshi, na ikishaungua inarudi kuwa maji, nilifurahi siku ile, sijafurahi hivyo tena, petroli ilipotea, mabati yakafuata, na Roger yuko nyuma yangu na bunduki yake, ananong'ona, "Usiogope, mwalimu, mi nilibaambia yote, niliona na macho yangu, iko inawaka kweli," anadhani ananitetea, kijana mwema, siku zote alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na komanda anarudia, taratibu, kama mtu aliyechoka, "Kama haiwake, we ni mwalimu tu, unarudia kwa bibi yako. Kama inawaka, basi ni we ulichoma maji yetu, dawa ikakufa," na sasa ndiyo nasikia, Mungu wangu, sasa ndiyo nasikia, muda wote huu nalibembeleza jua lije liniue, naogopa, kaa hapo hapo, wingu, usisogee, naomba maji yawe maji tu, mimi niliyewafundisha watoto wa watu kwamba yana moto ndani, nitasema nilidanganya, nitasema ilikuwa michezo ya shule, lakini Roger anajua, na chupa imefika nusu, nusu inatosha kulia paa, nilimfundisha mwenyewe, ningeiinamisha kidogo gesi itoke, lakini wote wanautazama mkono wangu, wingu halijasogea, povu moja linapanda, jingine, na nyuma yangu Roger anatikisa kiberiti kusikia kama bado kina njiti.