Divai Ndani ya Supu

Krismasi ya tatu tangu mama mkwe wangu Derna afariki, mama yangu mzazi, Cosima, alipanda treni kutoka Manduria, kusini kabisa, akaja kwetu Mantova na chupa tatu za divai ya kwao, primitivo, amezifunga kwenye sweta.

"Baba mkwe wangu hanywi siku hizi," nilimtahadharisha.

"Hajanywa yangu," akasema.

Kweli, mzee huyo, Learco, alikuwa mtu wa maji tu. Tangu mazishi hakugusa divai. Kila siku alikula kichwa kikiwa chini, akashukuru, akaondoka mezani. Mimi na mume wangu Ivo tulishazoea, na hilo ndilo lililokuwa linaniuma.

Mama akaamua kupika mlo wa hapa, si wa kwao. Alfajiri alishamtia jogoo chunguni, jogoo mnene aliyehasiwa. Akakunja agnolini kimoja kimoja, vile vifuko vya unga vyenye nyama vinavyopikwa ndani ya supu, huku akiniuliza, "Derna alivikunja hivi?"

Mchana tukakaa. Mama akammiminia Learco primitivo glasi tele. Mzee akaionja supu kijiko kimoja. Kisha akaisogeza ile glasi kando, akainuka na kushuka stoo. Alirudi na chupa ya lambrusco, divai yetu nyekundu yenye povu, akaifungua na kuimwaga kwenye bakuli. Supu ikageuka zambarau. Akainua bakuli kwa mikono miwili, akanywa.

Mama akaweka kijiko chini. "Baba Ivo, kama supu yangu haina ladha, si ungesema tu?"

Hakungoja jibu. Nilimkuta jikoni, akijifuta macho kwa aproni.

"Nimesimama tangu alfajiri, Nunzia! Anaimwagia divai kama anazima moto!"

"Mama, huku ndivyo wanavyokunywa. Supu ina mafuta, lambrusco ina ukali, inayakata. Na hakuna anayemwaga divai kwenye supu mbovu. Baba hajafanya hivi tangu Mama Derna afariki. Kwa supu yangu mimi hajafanya hata siku moja."

Mama akaishusha aproni. Learco akatokea mlangoni, bakuli tupu mkono mmoja, chupa mkono wa pili, masharubu yamelowa.

"Mama Nunzia, imebaki?"

"Imebaki. Lakini kwanza nipe hiyo chupa."

Akajichotea supu, akamwaga divai, akanywa. Uso ukakunjamana. "Mama yangu wee! Inapanda puani!" Akameza tena, polepole. "Ila mafuta yameondoka mdomoni. Hilo sibishi."

"Umeona?" Learco akasema.

"Na yangu je? Umeisukuma kando kama dawa ya minyoo."

"Yako haina kosa, mkwe. Ina nguvu mno. Ukiitia humu itamla jogoo na mifupa yake. Hiyo ni ya jioni, tukila punda."

"Tukila nani?"

Ivo, aliyesimama nyuma ya baba yake, akacheka hadi akashika ukuta. Mama alidhani anataniwa, mpaka nilipofunua sufuria nyingine, niliyoipika mimi: nyama ya punda, imeiva hadi inachambuka, mchuzi mzito mweusi.

Jioni mama alikula punda kwa tahadhari, kisha bila tahadhari. Primitivo ilikutana na ule mchuzi kama ndugu waliopotezana. Learco akanywa glasi, akaomba ya pili.

Mama akamuuliza jambo ambalo mimi na Ivo hatukuwahi kuthubutu. "Baba Ivo, huyo Derna alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamtazama Ivo. Mzee akaizungusha glasi yake mezani.

"Mbishi," akasema. "Alinikataa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye dansi, mbele ya watu wote, na mimi nimeazima viatu vya kaka yangu…"

Mama akavuta kiti karibu. Ivo, aliyekuwa hajaisikia habari hiyo maishani mwake, akaacha kutafuna.