Sista Godoro

Hakuwa sista. Ila kwa miaka mingi alikuwa akitangaza kwamba ataingia utawani, hata jina likamganda, na kwa kuwa aliuza magodoro, mtaa mzima ulimwita Sista Godoro. Digrii ya uchumi ndiyo iliyomfikisha pale dukani, akijilaza mbele ya wachumba waliokuja kununua godoro la ndoa ili waone sponji haibonyei, rozari ikimning'inia mkononi.

"Sasa utawani unaingia lini?" wateja walimuuliza.

"Deni, ndugu yangu," alijibu akishusha pumzi. "Masista hawapokei mtu mwenye mkopo wa chuo. Nikimaliza kulipa tu, siku hiyohiyo mtanitafuta msinione."

Aliyasema hayo kwa raha zake. Kusema kweli, deni lilikuwa linamlea. Kwa shangazi yake alikula, akatazama tamthilia, na kanisani aliheshimiwa kama mtawa bila kuamka alfajiri hata siku moja.

Shangazi ndiye aliyeharibu mambo. Aliiuza pikipiki ya marehemu mumewe, iliyokaa sebuleni imefunikwa shuka, na fedha zote akazipeleka ofisi ya mikopo.

"Dawa ya deni kulipa," alisema, akibwaga risiti mezani. "Nenda mwanangu. Nimechoka kuwaambia watu kesho, keshokutwa. Hata mimba ina mwisho!"

Binti akaangua kilio. Shangazi akadhani ni furaha, naye akalia.

Tangu hapo usingizi ulimhama. Godoro lake lilikuwa daraja la kwanza, lakini aligeuka huku na huku kama samaki kikaangoni. Hakuogopa kufunga wala kusali. Aliogopa kwamba labda hakuwahi kuitwa, ni yeye tu aliyekuwa akijiita.

Alifika utawani macho mekundu, begi mkononi. Alipokewa na Sista Mlezi, mama mfupi aliyekuwa akiwapokea wasichana wapya.

"Sista, deni limekwisha."

"Mungu asifiwe!"

"Ngoja kwanza usimsifu. Sijui kama nataka. Nilikuwa najificha nyuma ya deni."

Sista Mlezi alicheka mpaka akashika ukuta. "Njoo basi uone chumba. Kuona hakulipiwi."

Kilikuwa na kitanda cha chuma, kiti, na msumari wa kutundikia nguo. Kwa mazoea, binti akaliminya godoro. Vidole vikagonga chaga.

"Sista! Nani kawauzia hili? Mmeibiwa mchana kweupe!"

"Tulipewa sadaka."

"Basi aliyetoa akaungame." Akavua viatu, akajilaza chali kama afanyavyo dukani, aonyeshe mgongo unapozama. "Unaona hapa? Hapa sponji ilishakufa zamani. Halafu na hapa..."

Sista Mlezi akasubiri aambiwe na hapo pana nini. Kisha ukaja mkoromo, mnene, wa mtu asiyedaiwa na yeyote.

Sista akalichukua lile begi, akalisukuma chini ya kitanda, akatoka na kufunga mlango polepole.