Choo Kimeziba, Wakwe Wako Njiani

Mama hakuweza kuusahau uvumi kwamba mtaa wa pili mtu alichanganya dawa ya madoa na asidi ya choo, akazimia palepale chooni. Sasa wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa njiani, choo kimeziba, na mumewe huyo anakuja na chupa mbili za dawa zizo hizo mkononi.

"Ziweke chini, baba watoto. Unataka wakwe wakute matanga?"

"Haya, kibembeleze basi kizibuke."

Mama akamimina sabuni ya vyombo, kisha maji ya moto yasiyochemka, akasubiri roho ikiwa juu juu. Akaivika mopu mfuko wa plastiki, akasukuma na kuvuta taratibu. Choo kikaguna, likaibuka dodoki, maji yakashuka yote. Kumbe binti, kwa kuwaogopa wakwe, alikuwa akisugulia choo dodoki hilo likamponyoka.

"Dodoki langu la kuogea," mumewe akasema kwa huzuni.

Hodi ikapigwa. Mama akanawa mikono, akaenda kufungua huku akicheka.

Nawe choo kikiziba:
Usichanganye dawa.
Usimwage maji yanayochemka, sinki la choo litapasuka.
Usivute maji tena kabla ya yale ya kwanza kushuka.
Na usisugulie dodoki la mtu.