Mguu wa Kushoto wa Swaumu

Swaumu alizaliwa kwa kutanguliza miguu, na Uziguani mtu aliyezaliwa hivyo hakosi wageni. Kiuno kikimshika mtu shambani, haendi zahanati kwanza, anakwenda kwa Swaumu. Asubuhi, kabla Swaumu hajatia kitu kinywani, mgonjwa hulala kifudifudi mkekani, naye humkanyaga kiunoni mara tatu kwa mguu wa kushoto. Halipwi. Wakongwe walisema ukilipwa, mguu unapoa. Wengi waliinuka, wakajinyoosha, wakasema, "Ahsante mama, pamefunguka." Walioinuka na maumivu yao walinyamaza wakaenda zao, ndiyo maana sifa ya mguu ule ilizidi kukua.

Mwaka wa pili tangu wahamishiwe kijiji kipya huku Handeni, mwanawe Mhina alikuwa anamalizia ualimu Chuo Kikuu. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine aliyefika huko. Alikuwa amepelekwa Korogwe kufanya mazoezi ya kufundisha, na mitihani ya mwisho ilibaki miezi mitatu.

Ijumaa moja akashuka kutoka kwenye lori la mahindi, taratibu, kama mzazi aliyejifungua jana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini wewe?"

"Safari tu, mama."

Kigoda hakukigusa. Alikula amesimama, sahani kiganjani. Zuena, dada yake, akacheka: "Kaka, Chuo Kikuu ndiko mnakofundishwa kula kama punda?"

Mhina hakucheka, na hapo Swaumu akambana mpaka akasema. Nyumba aliyopewa Korogwe haikuwa na meza. Madaftari ya wanafunzi mia na sitini aliyasahihisha juu ya sanduku la nguo, amejikunja kwenye kitanda cha kamba kilichobonyea. Akiyamaliza, anafungua vitabu vyake mwenyewe, palepale. Asubuhi husimama ubaoni vipindi sita. Jumatano walimu na wanafunzi hubeba matofali ya darasa jipya, na anayekaa kando huitwa kupe.

"Kiuno chenyewe kilianza Dar, kule maktaba," alisema. "Wenzangu wengi wanalia hivyohivyo, hata walimu wetu. Nikadhani ndiyo kusoma kwenyewe."

"Na kinywa ulikiweka wapi?"

"Ningesema nini, mama? Mgongo ni ugonjwa wa wazee na wavivu." Kisha akaongeza: "Tena siku hizi mguu wa kulia unakufa ganzi, mpaka kidole gumba."

Neno hilo, enyi wazazi, Swaumu alilisikia. Hawezi kusema hakulisikia. Ila alikuwa na jibu lake tayari.

"Damu imelala. Kesho nitaiamsha."

Asubuhi Mhina alisitasita mbele ya mkeka. "Mama, mimi nafundisha sayansi."

"Sayansi yako imekuchukua mzima, imekurudisha kombo. Lala."

Mara ya kwanza aliguna. Mara ya pili alishika ukingo wa mkeka. Mara ya tatu, kwa kuwa huyu alikuwa wake wa kumzaa, Swaumu alikanyaga kwa uzito wake wote. Mhina akapiga ukelele uliomleta Zuena mbio kutoka jikoni. Walipomwinua, wayo wa kulia haukunyanyuka. Uliburuta chini kama kandambili iliyokatika ukanda.

Siku hiyo haikupatikana gari. Jumapili lori likampeleka Korogwe amelazwa juu ya magunia, na kila shimo la barabara lilimpata Swaumu moyoni.

Hospitalini daktari aliuliza: "Ulianguka?"

"Hapana."

"Ulinyanyua kitu kizito?"

"Matofali. Jumatano."

"Na mguu umeburuta tangu Jumatano hiyo?"

Mhina akatazama dari. "Ndiyo."

Swaumu akajua mwanawe anamfichia aibu. Kwenye benchi la nje walikaa watu wawili wa kijijini kwake, na mmoja alikwisha kukanyagwa na mguu huohuo. Mlango ulikuwa wazi.

"Basi," daktari alisema akiandika, "kama ni tangu Jumatano na hauzidi, nitakupa vidonge ukapumzike nyumbani. Wiki ijayo urudi nikuone."

"Daktari, futa hapo," Swaumu akasema. "Si Jumatano. Ni jana asubuhi. Nimemkanyaga mimi, kwa mguu huu."

Muuguzi akaziba mdomo. Kwenye benchi la nje vichwa viligeuka.

"Mama, mimi mwenyewe nilikubali," Mhina alisema.

"Nyamaza wewe."

Daktari hakumgombeza. Aliweka kalamu chini, akaanza upya, akimchoma Mhina kwa sindano vidoleni na kumuuliza kama mkojo unatoka. Unatoka. "Hapo una bahati," alisema. Kisha akamweleza Swaumu kwamba kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna kitu laini. Kukaa amejikunja na kubeba matofali kulikifanya kichomoze, kikabana mshipa wa fahamu, na ile ganzi ndiyo ilikuwa habari yake. Kisigino cha Swaumu kilimalizia kukisukuma.

"Arudi nyumbani leo?" Swaumu akauliza.

"Haendi popote. Angekwenda na vidonge vyangu, labda mguu usingerudi tena."

Mhina alilala wiki sita kwenye godoro lililowekewa mbao chini. Mguu ulirudi kidogokidogo, lakini hata leo hujikwaa vizingitini. Hakuweza kumaliza mazoezi ya kufundisha, hivyo mitihani ya mwaka ule ilimpita, akaifanya mwaka uliofuata. Kabla hajaondoka kurudi chuoni, Swaumu alimpeleka kwa fundi Hiza, akamkalisha kitini, akaamuru meza ipimwe mpaka pale viwiko vyake vinapofika. Meza ilipanda lori pamoja naye.

Hata hivyo watu hawakuacha kuja. Asubuhi moja Mzee Mdoe alifika, akajitandaza mkekani bila kuambiwa.

"Kanyaga, Mama Mhina. Jembe limeniua."

"Mguu unakufa ganzi?"

"Kidogo tu, huu hapa."

"Inuka, mzee. Nenda zahanati."

"Ala! Nani amekulipa mpaka mguu ukapoa?"

"Nimelipa mimi," Swaumu alisema. Akamshika mkono, akamwinua polepole, akaukunja mkeka, akamsindikiza mpaka kwenye mlango wa zahanati, asije akageukia kwa mwingine njiani.