Jibu Lililokaa Ndani ya Biblia

Nilikuwa nimeandika makala yale mara tatu, na mara zote tatu niliyachukia. Mhariri wa gazeti alinipa maneno mia tano, mwisho Ijumaa. Jumanne kaunti ingegawa pesa za maji, na kama hakuna aliyewasukuma, pampu yetu ya Zombe, iliyokufa miaka tisa iliyopita, ingerukwa tena. Watu wa kanisa walinichagua mimi, Musyimi, karani mstaafu. Eti mimi ndiye ninayejua lugha ya ofisi.

Naijua, Mungu anisamehe. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza katika ofisi moja ya maji nikijibu barua za wananchi.

Kavindu, jirani yangu, alitua mtungi mtupu mlangoni apumzike kabla ya kushuka mtoni kuchimba maji mchangani. Nilimsomea rasimu ya kwanza. Aya mbili nzima nilikuwa nawashukuru wakubwa.

"Baba Mumbua, hii inakaa kama chief akifungua baraza," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Maji iko wapi?"

Nikamsomea ya pili, ya matusi. Akaguna. Ya tatu, ya takwimu, ilimfanya apige miayo, nami nikapiga yangu. Nilichoka hadi mifupani. Kule ofisini barua za heshima nilizifungia kwenye faili, za matusi nilizitupa, na za takwimu nilimpelekea bosi ambaye hakuzifungua. Ningemshawishi nani kwa sauti ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nikizizika?

"Na hiyo miaka yote," Kavindu aliuliza, "hakuna hata barua moja ilikuguza?"

Ilikuwepo. Karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, mwandiko wa kalamu ya risasi: *Kijana yangu anachelewa shule juu ya kuteka maji. Anachapwa. Nimeambia mwalimu asimchape yeye, akuje achape nyinyi.* Nilicheka, kisha chakula cha mchana kikanishinda. Halafu nikaandika nilichowaandikia wote na kutia sahihi ya bosi. Barua sikumpelekea mtu.

Chini yake palikuwa na jina: Kavindu Mwau, Zombe. Tangu nistaafu nimekaa naye benchi moja kanisani na sijafungua mdomo kuhusu barua ile. Kijana wake, Kyule, aliacha shule darasa la saba. Siku hizi anapakia malori Mtito Andei.

Nilivuta karatasi mpya. Sikutafuta maneno. Nilipomaliza mistari michache nilimsomea.

"Miaka tisa iliyopita, mama mmoja wa Zombe aliomba pampu hii itengenezwe ili mtoto wake asome. Mimi ndiye niliyemjibu kwamba jambo lake linashughulikiwa. Nilidanganya. Mama huyo ni jirani yangu."

Kuku waliingia ndani na hakuna aliyewafukuza.

"Hiyo jibu niliweka kwa Biblia," alisema mwishowe. "Iko mpaka leo. Kila mwaka nasema, hawa watu walisema wanashughulikia, wacha nisiwasumbue."

Nilitaka kumwomba msamaha lakini alishainuka, mtungi mkononi.

"Usifute hata neno moja," alisema. "Na uandike jina ya Kyule."

Akashuka kwenda mtoni. Niliandika jina la Kyule.