Shangazi Hajui Utani

Siku ile mimi na mke mwenzangu tuliamka tukigombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kuoga. Mimi nimeshika ndoo, yeye kajichimbia chini ya meza, na mume wetu kakaa zake mlangoni na kikombe cha chai, anachochea moto. "Usiniulie mke mdogo," anasema. "Mkubwa ameshachakaa, huyu ndiye aliyebaki mpya."

Mke mwenzangu ana miaka sita. Ni mtoto wa binti yangu, ambaye kazi imempeleka mji wa mbali, na tangu alipoachishwa ziwa tunamlea mimi na babu yake. Alipoanza kuongea tu, babu yake akamwita mke mdogo. Nami nikasema haya, nimeletewa mke mwenza ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na vita vikaanza hapo hapo. Nani kakaa karibu na mume kwenye kochi, nani kaletewa pipi na nani kanyimwa. Bibi gani hafanyi hivyo na mjukuu wake? Sisi tulizidisha kidogo, kwa sababu mdomo wangu hauna breki, na yeye kaurithi mzima mzima.

"Leo nakuchinja!" nikamwambia. "Toka huko chini nikuchinje, nibaki na mume wangu kwa raha zangu!"

Akatoka mbio, kicheko mpaka jino la mwisho. Akakanyaga maji niliyomwaga mimi mwenyewe, akateleza, akaanguka kwenye kizingiti na mkono chini yake. Ule mlio niliusikia. Roho ilinipaa.

Tukamkimbiza hospitali ya watoto. Zamani pale mapokezi alikaa nesi mmoja mkali, watu wakimwita Mama Sindano. Atakusema wewe mzazi mpaka ukome, huku anambembeleza mtoto kwa peremende. Siku hizi Mama Sindano kasimamishwa mlangoni, anagawa barakoa. Maswali yote anauliza Shangazi.

Shangazi ni mashine. Ana jina refu la kiserikali, lakini watu wamemwita Shangazi kwa sababu anachimba kila kitu cha nyumbani kwako na hakuachii mpaka umjibu. Yuko kwenye kijichumba cha vioo, skrini pana yenye sauti ya mwanamke mpole aliyesoma. Mtoto anaingia peke yake, mzazi anasubiri nje. Wanasema mtoto akiwa peke yake ndipo anaposema kweli.

Mzee wangu alikuwa fundi redio mpaka macho yalipomsaliti, na Shangazi alimpendeza papo hapo. "Sikiliza Kiswahili hicho," akaninong'oneza. "Kimenyooka. Siyo wewe, ukifungua kinywa watu wanatafuta pa kukimbilia."

"Muoe basi," nikamwambia. "Tuwe watatu."

Mlango wa kijichumba ulikuwa haujajifunga vizuri, tukawa tunasikia kila kitu, sisi na benchi zima.

"Unaishi na nani nyumbani?" Shangazi akauliza.

"Na mume wangu na mke mwenzangu."

Watu wakaangua kicheko. Mzee akajifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika.

"Mume wako ni nani?"

"Si Babu!"

"Mkono umeumiaje?"

"Nilikuwa namkimbia mke mwenzangu. Alisema atanichinja."

"Kwa nini alitaka kukuchinja?"

"Abaki na mume peke yake. Ana wivu huyo, we acha tu!"

Nilicheka mbavu zikataka kukatika. Nilijivunia, kusema kweli. Mkono umevunjika, machozi hayajakauka, na bado mtoto anajua kunitupia kijembe mbele ya umati. Hata Mama Sindano kule mlangoni alikuwa anajifuta macho. Shangazi peke yake ndiye hakucheka. Akauliza kwa upole ule ule, "Unaogopa kurudi nyumbani?"

"Naogopa kuoga," mtoto akajibu, na benchi likaanza upya.

Daktari akamnyoosha mkono, akamfunga plasta ngumu, akatupa dawa za maumivu. Tukaenda getini. Mtoto akaweka mkanda wa mkononi aliovishwa pale mapokezi, mahali wanapoweka ili geti lifunguke. Halikufunguka. Akaweka tena. Mlinzi akaangalia kisimu chake, na sura yake ikabadilika. Hakumtazama mtoto wala mimi. Alimtazama mzee.

"Baba, naomba msogee pembeni," akasema. "Mkanda umezuiwa."

Akaja binti mmoja wa ustawi wa jamii, mdogo kuliko binti yangu, akatupandisha ghorofani. Mtoto akapelekwa chumba kingine chenye midoli, akatupungia mkono mzima, hana habari. Yule binti akafunga mlango, akakaa.

"Mama," akasema, "babu yangu mimi, mpaka anaingia kaburini, alikuwa ananiita mchumba."

"Basi unajua."

"Najua."

"Basi tufungulie geti, mwanangu. Mtoto hajala."

"Siwezi." Akageuza kompyuta yake tuone, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwake. "Zamani nilikuwa naongea na familia, naamua. Sasa Shangazi akiona hatari, taarifa inatoka hapo hapo. Polisi wanaipata, ofisi kuu wanaipata, mzazi anaipata. Ameandika ndoa ya mtoto, na tishio la kuua. Mimi nimebaki wa kuwaeleza tu."

"Ndoa!" Nilisimama kiti kikaanguka. "Ndoa ya nani? Mwambie huo mzigo wako kwamba ni utani! Hakuna mtu aliyeutengeneza aliyewahi kuwa na bibi?"

"Nimemwandikia ni utani. Kanijibu anataka ushahidi wa huo utani."

Jamani. Ushahidi wa utani unaletwa kwenye mfuko gani?

Mzee alikuwa kavua kofia. Aliuliza kwa sauti ya fundi, taratibu, "Kila kifaa kina mahali pa kukirekebisha. Pako wapi?"

"Si hapa, baba. Na wenye kuweza kukigusa hawataki kukigusa." Akashusha sauti. "Nikisema hana faida nitakuwa mwongo. Kuna mtoto aliletwa hapa, sisi wote tulimsalimia tukampita. Shangazi ndiye aliyemwona kwamba anaumizwa kwao. Tangu siku hiyo hakuna mkubwa anayethubutu kumpinga. Akikosea, amekosea yeye. Ukimpinga ukakosea, umekosea wewe."

Polisi wawili walikuja, hawakuvaa sare, walikuwa na adabu sana. Ile adabu ndiyo iliyonitisha. Walimwambia mzee atatoa maelezo, halafu atafute pa kulala kwingine mpaka suala liishe, na asimkaribie mtoto, hata kwa simu. Mzee akanitazama. Akavaa kofia yake, akawafuata.

"Mtoto ataulizwa tena," yule binti akaniambia tulipobaki wawili. "Akijibu vizuri, mambo yanaweza kuisha. Ndoa ndiyo wanayoiogopa zaidi, kwa hiyo wewe utaruhusiwa kumwona, na Shangazi atakuwa anasikiliza. Ongea naye kawaida. Ila nakuomba mama, usimfundishe la kusema. Akianza maneno mapya, Shangazi anajua amefundishwa, na hapo mzee wako amekwisha."

"Na nikiongea naye kama siku zote?"

Akainamisha kichwa. "Hilo nalo usifanye."

Mtoto wakabaki naye, nikarudi nyumbani peke yangu. Ndoo ilikuwa bado pale pale, na maji yamekauka sakafuni. Binti yangu akapiga simu kabla sijavua viatu. Alikuwa amepata ujumbe kazini. Nikamweleza yote, kijembe kwa kijembe, na akacheka, akasema atakuja, atawaonyesha hao. Halafu sauti yake ikashuka.

"Mama, nikikuuliza kitu hutakasirika?"

"Usiniulize."

"Najua ni utani. Hata mimi babu yangu alikuwa ananiita mke wake. Lakini wameandika kwa herufi kubwa, mama, na wana picha ya uso wa mtoto wakati anajibu, na... Kweli hakuna kitu?"

Nilimkatia simu. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Aliuliza kama mama anayempenda mwanawe. Nililia pale jikoni kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Mzee alikwenda kukaa kwa mdogo wake. Nilimpigia jioni, nikajitia uchangamfu, nikamwuliza mume wa wawili anaendeleaje huko ukaperani. Hakucheka.

"Usiongee hivyo kwenye simu," akasema.

"Hii ni simu yangu mwenyewe, mzee."

"Usiongee hivyo. Naomba." Mtu niliyezoea kumsikia anafungua simu na redio huku anapiga mluzi, sasa anaiogopa simu ya mkononi. Aliniaga kwa heshima, akaniita mama, kama mtu wa kupita. Nikashika tama, na nyumba nzima ikaniogopesha. Nilianza kuyakumbuka maneno yangu ya miaka yote, moja moja, nikiyapima mashine ingeyasikiaje. Nitakutoa roho. Nitakumeza mzima. Ukirudi hapa na hiyo kaptura chafu nakuzika nayo. Hakuna hata moja lililosalimika.

Siku ya kumwona mtoto ilipofika nilivaa nguo ya heshima na njia nzima nikajisemea: hujambo, umekula, unalala vizuri. Watu wa kawaida wanaongea hivyo na watoto. Ningeweza. Chumba kilikuwa kisafi, kimejaa rangi, na Shangazi yuko ukutani, skrini ndogo ya urefu wa macho ya mtoto. Yule binti wa ustawi alikaa kwenye kona na kompyuta yake.

Mtoto akaingia na plasta yake, mtu kamchorea maua juu. Aliponiona alipiga kelele. "Mke mwenza!"

"Hujambo, mjukuu wangu," nikasema.

Akasimama katikati ya chumba. Sijawahi kumwita hivyo tangu azaliwe. Akashika kiuno kwa mkono mzima. "Nani mjukuu wako?" Macho yanamchezacheza, anangoja vita.

Vita sikumpa. Nilikuwa na majibu yamejaa mdomoni, nikayameza. "Umekula?" nikauliza.

"Mume wetu yuko wapi? Umemficha ndani?"

"Babu hajambo."

"Mbona hajaja?"

"Ana kazi."

"Babu hana kazi," akasema, na kweli hana. Akanisogelea, akanikagua uso kama anavyokagua maziwa kama yana utando. Kicheko kilikuwa kimeshamtoka. "Umekasirika?"

"Sijakasirika, mama."

"Umekasirika. Ni kwa sababu nilisema utanichinja."

"Hapana. Sijakasirika hata kidogo."

"Umekasirika wewe," akasema, na mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. "Hunigombezi."

Nilimtazama yule binti wa ustawi. Alikuwa anatazama sakafu. Nikimjibu utani, nimemfunga mzee. Nikimwambia acha utani, nimemfundisha. Nikinyamaza, mtoto huyu anaona bibi yake kamtupa. Nikanyamaza. Ndicho kitu pekee nilichodhani hakiwezi kuandikwa.

Akanisogelea kabisa, akaweka mkono wake mzima juu ya goti langu. Niliona anafikiri. Nilimwona akitafuta kitu kikubwa kuliko vyote alivyo navyo, anipe ili tupatane.

"Basi mchukue," akasema. "Mchukue Babu awe wako peke yako. Mimi simtaki tena. Sitaki kukaa naye tena. Sitaki hata aje hapa. Nitakaa na wewe tu. Eti?"

Ile skrini ikawaka kidogo.

"Asante kwa kuniambia," Shangazi akasema kwa sauti yake ya upole. "Umekuwa jasiri sana."

Yule binti akafumba macho. Mtoto akanigeukia, uso umemchanua, anangoja nimsifu na mimi.