Kofia Niliyoikaza

Mwaka ule wa vita, Kindu ilipozingirwa na chumvi ikawa ya kutafutwa kwa tochi, Mama Hadidja, jirani yangu katika mtaa wa Kasuku, aliamua kunifundisha kufuma. Nilikuwa na mimba kubwa na hasira za kutosha mtaa mzima. Alifumua sweta la marehemu mumewe, Abedi, akang'oa spoku mbili za baiskeli yake na kuzinoa kwenye jiwe zikawa sindano. Aliniambia mtoto wangu hatazaliwa akakosa kofia.

Nilikuwa mwanafunzi wa ovyo. Kila kitanzi nilikibana mpaka sindano ikakataa kupita.

"Legeza, mutoto yangu," alinicheka. "Uzi haiko mbuzi, haitakimbia."

Nilijaribu, nikakaza zaidi. Risasi zililia kila siku, nani angelegea?

Siku moja mchana askari aliingia nyumbani, sufuria ikiwa motoni. Alitaka kuku, hatukuwa naye. Basi akanitaka mimi. Mama Hadidja alisimama kati yetu, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamwagika sakafuni. Akainuka tena. Ndipo askari akamwangusha, akamkalia kifuani na kumkaba koo kwa mikono miwili. Nilimwona macho yakimtoka.

Mkononi sikuwa na kitu ila kazi yangu ya kufuma. Spoku ni nyembamba, huteleza kwenye jasho; lakini kofia ile niliyoikaza kijinga ilikuwa imeing'ang'ania kama mpini. Nilikunja ngumi juu ya kofia, nikamchoma shingoni, chini ya sikio. Nikachoma tena. Damu yake ilinirukia usoni, ya moto. Nilichoma mpaka akaacha kutikisika, na sitasema uongo, nilifurahi.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye mihogo. Mama Hadidja aliiosha kofia kwa majivu, akanirudishia, mdomo wake umevimba.

"Fumua yote, anza tena. Mutoto hana kosa."

Jessica alizaliwa, akavaa uzi uleule. Leo naye ana mimba, na redio inasema vita inakaribia tena. Ameketi mbele yangu na sindano za plastiki za dukani, anajifunza, na vitanzi vyake vimebana hadi havisogei. Anasema vidole vyake ni vijinga, ananiuliza alegeze vipi.

Nampokonya zile plastiki, nampa spoku za Mama Hadidja.

"Usilegeze, mutoto yangu," namwambia. "Kaza."